Mhimili Uliolala

Kwetu Kibabi, Nyota ya Kaskazini haionekani. Tuko takriban digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo, ambayo miongozo mingi ya kupiga picha za nyota huanza nayo, hubaki chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Ncha ya kusini ya mbingu nayo imeinuka digrii hiyohiyo moja na nusu tu, na mbele yake kuna mlima. Masisi ni milima mitupu.

Na bila ncha, kazi haianzi. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56. Kamera yenye lenzi ya milimita 50 ikiachwa wazi zaidi ya sekunde 10 hivi, nyota hugeuka mistari. Lazima kitako chake kizunguke kinyume cha Dunia, juu ya mhimili uliosambaa sawa na ule wa Dunia.

Likizo ya Desemba nilifika nyumbani na kamera ya kuazima na miguu mitatu ya chuma. Baba mdogo aliitazama jioni ile, akasema: "Ile kitu inafanana na mota. Kama mimi nimeshtuka, mtu wa kule ng'ambo ya kilima ataitofautisha namna gani?" Sikubishana. Kwetu usiku, umbo la kitu ni habari inayosomwa kwa mbali, na msomaji wake huenda ana silaha.

Ndipo nilipoona faida ya kuishi karibu na ikweta. Ulaya mhimili huo husimama mshazari, unahitaji miguu. Kwetu umelala karibu chini kabisa. Mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba zinatosha. Ni ubunifu wa Mskoti George Haig, aliyeuchapisha mwaka 1975. Seremala alinitobolea tundu milimita 229 kutoka bawaba, tukaweka boliti ya milimita 6, ambayo meno yake yameachana milimita 1. Ukiizungusha mara moja kila dakika, ubao wa juu hufunguka kwa mwendo wa nyota. Ukilazwa juu ya kigoda, mtu atadhani ni ubao wa kukatia sombe.

Bawaba lazima ielekee kaskazini na kusini. Dira ya simu huyumba karibu na mabati, nami siiamini. Nilitumia Mintaka, nyota mojawapo ya mshipi wa Orioni, iliyo karibu kabisa na ikweta ya mbingu. Kwetu huchomoza mashariki hasa na kupanda wima, hivyo hata ikichelewa kutokeza juu ya mlima, bado iko mashariki. Katikati ya Desemba, giza likiingia, inakuwa imeshapanda kidogo. Nilichomeka vijiti viwili vikiilenga, nikafunga kamba, kisha nikapata pembe mraba kwa 3, 4, 5 ya waashi. Upande wa kusini wa ubao wa sentimita 60 niliuinua sentimita moja na nusu, unene wa kidole. Picha ya majaribio ya dakika tatu, utosini: nyota zikivutika kwenda kaskazini au kusini, ubao husogezwa kidogo kando, hujaribiwa tena.

Wanaisimu watanisamehe swali moja. Kaskazini na kusini tumeyapata kutoka kaskazi na kusi, pepo za majahazi. Sisi wa milimani tulipewa maneno ya bahari, tukayazoea. Lakini kifaa hiki tukiite nini? Seremala alisema "kitako", na mimi naona kinafaa kuliko neno lolote la kutohoa.

Picha niliyoitunza ni ya Kilimia, dakika nne, nyota zake zikiwa nukta. Bibi alizihesabu kwenye kioo cha kamera, akasimama kwenye saba, kisha akauliza hizi nyingine zote zilikuwa wapi siku zote alizokuwa akilima. Baba mdogo alikuwa mlangoni, ameuweka mgongo wake kati ya mwanga wa kioo na kilima.