Siku Tano za Chupa

Kila Jumatatu, saa mbili asubuhi, nilikuwa nikishuka mtoni na kreti ya chupa. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika kiwanda cha karatasi kilichozungukwa na misonobari, na kazi yangu ilikuwa kupima maji tuliyoyarudisha mtoni baada ya kuyatumia. Nilikuwa kijana, nikiamini kwamba kilichoandikwa daftarini ndicho kilichopo mtoni.

Karatasi hupikwa. Vipande vya mti huchemshwa kwa magadi makali na salfidi katika joto la nyuzi 170 hivi, mpaka lignini, ile gundi inayoushikanisha mti, iyeyuke. Nyuzinyuzi huenda kuwa karatasi. Mchuzi unaobaki ni mweusi kama lami. Kawaida mchuzi huo hukaushwa, ukachomwa tanurini, na magadi yake yakatumika tena. Lakini mtambo ukiharibika au tangi likifurika, mchuzi huingia mtaroni. Mbele ya mto tulikuwa na mabwawa: la kwanza la kutuamisha mashapo, mengine ya kupulizia hewa ili bakteria wale uchafu. Bakteria hao walihitaji siku kadhaa za utulivu. Mchuzi mweusi ulipowafikia kwa mkupuo, waliokufa walikufa, na maji yakapita hivyo hivyo.

Kipimo chetu kikuu kilikuwa cha siku 5. Unaijaza chupa pomoni, unaifunga bila kuacha hata kiputo kimoja, unaiweka gizani katika nyuzi 20. Bakteria waliomo hula uchafu huku wakitumia oksijeni. Uchafu ukiwa mwingi, oksijeni hupungua zaidi. Siku ikitimia unatia dawa, maji yanakuwa ya kahawia. Tindikali, kisha wanga, yanageuka buluu. Unadondosha dawa ya mwisho tone kwa tone mpaka buluu itoweke, na idadi ya matone inakuambia oksijeni iliyosalia. Njia hiyo ilibuniwa na mwanakemia wa Hungaria, Lajos Winkler, mwaka 1888. Niliipenda ile buluu ikiyeyuka. Niliiona kama ukweli wenyewe.

Hizo siku 5 zilitoka Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, na husimuliwa kwamba zilichaguliwa kwa kuwa maji ya mito ya kule hayachukui zaidi ya hapo kufika baharini. Chupa zangu za Jumatatu nilizifungua Jumamosi. Maji yenyewe yalikuwa yamekwisha kupita, yamekwisha kunywewa.

Palikuwa na mama mmoja aliyechota maji chini ya mtaro wetu, akisimama juu ya jiwe pana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Usiku wa Alhamisi maji yalipita meusi. Ng'ombe wamekataa kunywa.”

“Mama, vipimo vya wiki iliyopita ni vizuri.”

Sikumdanganya. Vilikuwa vizuri kwa sababu nilichota Jumatatu asubuhi, saa ya utulivu, na mtaro ulifurika usiku. Tena lignini ni ngumu. Bakteria hawaimalizi kwa siku 5. Maji yangeweza kuwa na rangi ya chai ya rangi na bado chupa ikayapitisha. Tulikuwa na kipimo kingine, cha kuchemsha sampuli kwa dikromati kwa muda wa saa 2 tu, na chenyewe kilitoa namba kubwa mno kuliko ile ya siku 5. Tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ndiyo iliyokuwa lignini, ndiyo iliyokuwa maneno ya yule mama. Niliziandika namba zote mbili, safu kwa safu, mwaka baada ya mwaka, nisiulize kwa nini zimeachana. Daftari langu halikuwa na safu ya ng'ombe waliokataa maji.

Mwaka huu nilirudi. Mama yule amekwisha kufariki. Kijana anayepima mto siku hizi ana kifaa kilichofungwa chini ya daraja, kinachosoma oksijeni usiku na mchana na kutuma namba kwenye simu yake. Alinionyesha mstari ulioporomoka ghafla saa tisa usiku. “Mzee, hapa mtu alifungulia kitu,” akasema. Nilinyamaza. Miaka yangu yote ya chupa, sikuwahi kuuona usiku.

Nilimpongeza kwa dhati. Kisha nikamkumbusha kwamba kifaa hicho kinasoma oksijeni, hakioni rangi. Maji ya kahawia yanaweza kuwa na oksijeni tele. Akaniuliza rangi aipimeje kila siku kwa bajeti aliyonayo.

Lile jiwe bado lipo. Asubuhi ile binti mmoja alikuwa amesimama juu yake, akijaza ndoo. Nikamwambia yule kijana aanze kwa kumuuliza huyo, na asiondoke kabla hajaandika jibu.