Mpemba Kwenye Njia ya Kibo

Sie watu wa Kiuyu, Pemba, hatuna mlima. Tuna mawe, tena makali ya kuvunja jembe, na Mbuyuni kwetu popote ukisimama bahari haiko mbali. Ndiyo maana nikiwaambia vijana wa barazani kwamba mwaka 1985 nilibeba mzigo kichwani mpaka kibanda cha Kibo, Mlima Kilimanjaro, mita 4,700 na ushei juu ya bahari hiyo, wengine huangaliana wakacheka. Na wacheke. Mashahidi wangu wengi washatangulia mbele ya haki.

Kilichonipeleka Moshi ni karafuu. Mashamba ya karafuu Kiuyu hatuna, ila msimu ukifika tulikuwa tukienda kuchuma kwa wenzetu, na miaka ile bei ilikuwa imeanguka, hata mwenye shamba analia. Nikapanda jahazi mpaka Tanga, kisha basi mpaka Moshi, kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi cherehani. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mzee mmoja wa Marangu, kiongozi wa wapanda mlima, aliyeleta mahema na mabegi yaliyochanika. Agosti, mwezi ule ule CCM ilipomteua Mzee Ali Hassan Mwinyi kugombea urais, akaja kuchukua hema lake akiwa na haraka: mpagazi wake mmoja ameshikwa na homa.

"Fundi, kijana wako huyu ana shingo?"

"Mvuvi huyo," mjomba akajibu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Baridi unaijua?"

"Siijui."

"Utaijua."

Siku ya kwanza haina hadithi kubwa. Kutoka lango la Marangu ni msitu, tope, mbega wakiruka juu ya vichwa vyetu, mpaka kambi ya Mandara. Nikadhani kazi ndiyo hiyo. Kesho yake msitu ukakatika, vikabaki vichaka na upepo, na tulipofika Horombo, mita 3,720, mawingu yalikuwa chini yetu. Usiku ule baridi niliijua. Nilivaa kila nilichonacho, pamoja na koti la mjomba lisilofunga vifungo, na alfajiri nikaenda kutia udhu nikakuta maji ya ndoo yameganda juu. Wenzangu wakanicheka, kisha mmoja akanivulia sweta lake. Wapagazi wa kule huitana wagumu, na tangu asubuhi ile nami wakaniita hivyo, Mpemba mgumu.

Juu ya Horombo kuna mahali panaitwa Maji ya Mwisho, na jina lake ni kweli tupu. Kibo hakuna kisima wala mti, kwa hiyo maji ya kupikia wageni na kuni za kuyachemshia vyote vilipanda vichwani mwetu. Kubeba maji nilikujua tangu kwetu, ingawa kwetu ni kazi wanayoachiwa wanawake, na njiani nilimkumbuka sana mama yangu. Halafu ukaja uwanda mkavu, Mawenzi mkono wa kulia, Kibo mbele, unakiona kibanda na hukifikii. Hewa kule ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Kichwa kinagonga, chakula hukitaki. Mzee akawa anarudia neno moja tu, pole pole, na hakuwa akiwaambia wageni peke yao.

Usiku wa manane wageni wakaondoka na viongozi kuelekea Gilman's na kilele cha Uhuru. Sie tukabaki kulinda mizigo na kuweka chai tayari. Kileleni sikufika, na wala sikutumwa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipopata habari za Mwini Amani. Mjerumani Hans Meyer alikuwa ameshindwa kufika kileleni mwaka 1887, na mwaka 1888 akatekwa na watu wa Abushiri, waliokuwa wakiwapinga Wajerumani, kabla ya kuufikia mlima. Mwaka 1889 akabadili mpango: kambi iwekwe juu, na chakula kipandishwe kwa zamu kutoka Marangu kwa Mangi Marealle. Tarehe 6 Oktoba yeye na mwenzake Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Aliyebaki kambini zaidi ya mita 4,000, akipika na kulinda, alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtu wa pwani, kama mimi. Kwa maoni yangu kambi ile ndiyo iliyoupanda mlima. Miguu ya Wazungu ilimalizia.

Siku hizi mambo yana nafuu. Sheria ya hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgeni, na tangu 2003 kuna mradi pale Moshi unaowaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Hilo ni jema. Bado moja, na hili nawaomba walimu wa historia wa Micheweni na Wete: mkifika kwa Meyer na Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa kiongozi wake wa njia, msimpite Mwini Amani. Andikeni jina lake ubaoni.