Mtaro wa Kabiro Niliukosea Mimi

Mtaro wa Kabiro, hapa Nairobi, uliorudisha maji machafu milangoni mwa watu niliupima mimi. Vijana waliochimba hawana kosa. Walifuata namba nilizowapa.

Tulitaka kujua upande upi wa kichochoro uko chini zaidi, maji yaelekezwe huko. Upande wa kwanza niliupima saa nne asubuhi, altimita ya mkononi ikasoma mita 1,792. Nikaongea na watu, nikala, nikafika upande wa pili saa saba kasoro: 1,799. Nikaamua maji yaende upande wa kwanza. Fundi mmoja wa nyumba akasema, "Ngoja kijana, nilete mpira wa maji tupime usawa, tuhakikishe." Nikamjibu, "Mzee, mashine imeshasoma." Mvua ilipokuja, maji yalisimama mtaroni, kisha yakaingia ndani.

Altimita ile haipimi urefu. Hupima mgandamizo wa hewa, kisha hukadiria urefu kutokana nao. Mgandamizo ukishuka, hudhani wewe umepanda juu. Na huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo hautulii: hufika kileleni mnamo saa nne asubuhi, kisha huteremka hadi mnamo saa kumi jioni, hata siku isiyo na wingu. Kwa mwinuko wa Nairobi, hektopaskali moja ni kama mita 10. Baadaye niliiacha altimita mezani asubuhi. Kufikia jioni ilikuwa imeongeza zaidi ya mita 20 bila kuguswa.

Haya nilikuwa nimefundishwa. Unasahihisha kifaa mahali ambapo urefu wake unajulikana, na unarudi hapo mara kwa mara kuona kimepotoka kiasi gani. Rubani wa Uwanja wa Ndege wa Wilson haruki kabla ya kuweka kipimo cha mgandamizo anachopewa na uwanja. Mimi nilikuwa jirani wa Dagoretti Corner, yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, na sikumuuliza mtu. Tena, hata ningekisahihisha, kifaa kinachoweza kupotoka mita kadhaa hakifai kwa mtaro, ambao mteremko wake ni wa sentimita.

Naziomba radhi nyumba zilizoingiliwa na maji, na mzee niliyemkatiza. Gharama ya kuchimba upya ni yangu. Nanyi vijana mnaopima mitaa yetu, mwenye mpira wa maji akisema ngoja, ngojeni.