Biharamulo mpaka Ngara: Ngoma ni ya nani?

Msomaji, kama hujawahi kupanda basi la Mwanza kwenda Ngara, hujui raha ya kuchoka. Tuliondoka stendi alfajiri, konda sauti imemkauka, njia ya katikati imejaa ndoo na mabegi, na kuku mmoja yuko chini ya kiti changu bila tiketi. Zamani safari hii ilikuwa na kituo cha lazima pale Kigongo. Mnasubiri kivuko mpaka abiria mnajuana kwa majina ya watoto. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 za zege juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa mwaka 2025. Unapiga miayo miwili, uko ng'ambo.

Tulipoiacha Geita, konda akaweka muziki. Kafungua na Saida Karoli, "Maria Salome". Basi zima likachangamka ile mbaya. Mama wa kiti cha mbele, aliyekuwa amelala tangu asubuhi, akaanza kutikisa mabega macho yakiwa bado yamefumba.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuwepo: Saida ni dada wa Kihaya, mzaliwa wa kijijini huku huku Kagera, aliyefundishwa na mama yake kuimba na kupiga ngoma tangu akiwa mtoto. Wimbo huo ulivuma mwaka 2001. Umeimbwa Kihaya, lakini Dar es Salaam watu wasiojua hata salamu ya Kihaya waliuimba mpaka jogoo akawika. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha kwa mtindo wao, wakauita "Salome", na kizazi kingine kikadakia.

Jirani yangu, mshikaji mmoja mwenye kofia ya Yanga, akanigonga kiwiko. "Huyu sista noma. Ngoma anaipiga kama dume!"

Nikacheka. Sikujua kwamba neno hilo litanisumbua safari nzima.

Biharamulo tulifika jua likianza kulegea. Ni mji mdogo usio na papara. Cha kutazama kwanza ni boma la Mjerumani, la mwanzoni mwa karne iliyopita, kuta nene kama za ngome. Wilaya yenyewe ilikuwa kubwa zaidi kabla Chato haijamegwa. Chato sasa iko mkoa wa Geita. Na pori la Biharamulo, lile lililokuwa likitajwa tu watu wanashika vifua, mabasi yakipita kwa msafara na polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi, leo sehemu yake iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Wenyeji wanasema siku hizi unapita ukiwaza twiga.

Nililala gesti. Jioni mwenye gesti akanialika kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, nyua tatu kutoka hapo. Nikaenda, mtu hakatai pilau.

Ndipo nilipomwona yule kijana. Umri kama miaka 22, mwembamba, kajifunga kanga kiunoni juu ya suruali, kidole kimoja kimepakwa hina. Kaketi kwenye ngoma, anaimba. Kwanza kwa sauti ya bibi harusi anayelia kuondoka kwao, halafu kwa sauti ya shangazi anayemkaripia na kumfunda, kisha anashuka chini kabisa kwa sauti ya baba mkwe anayehesabu mahari. Ni mtu mmoja lakini ukifumba macho wako watatu. Akina mama walikuwa wakimtunza noti, wengine wanafuta machozi. Mtaani wanamwita "Shangazi", na usiku ule jina lilimkaa vizuri.

Mimi nilifanyaje? Nilikuwa nimekaa na vijana nyuma. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema neno ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika. Kila mtu akaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti. Yule kijana akageuka, akatuangalia mara moja, akaendelea na wimbo.

Asubuhi nikamkuta stendi akiosha pikipiki za bodaboda. Kanga hana. Nikamsalimia, akanitambua.

"Kaka, wewe ulikuwa pale nyuma jana," alisema.

Nikajiuma uma. Hakugombana. Akakamua tambara, akasema, "Usiku wananitunza, mchana wananizomea. Watu ni wale wale. Mimi nimeshazoea, ila mama yangu hajazoea."

Konda akapiga honi. Nikapanda basi bila kusema nilichotaka kusema.

Kutoka Biharamulo unapita Lusahunga, halafu barabara inaanza kupanda na kushuka kwenye vilima, malori ya Kigali na Bujumbura yakihema mbele yenu. Mnafika Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Hapo dunia nzima ilipajua mwaka 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama saa 24. Mwaka uliofuata Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapa Ngara. Kwizera maana yake ni kutumaini. Kambi zile zimefungwa zamani, redio bado ipo hewani.

Ngara mjini kuna baridi ya kuvaa koti. Nilifikia kwa bibi mmoja, ndugu wa rafiki yangu, na baada ya ndizi na maharage nikamsimulia habari za Saida na za yule kijana. Akanionyesha vilima dirishani.

"Mjukuu wangu, kule ni Burundi. Na kule Rwanda. Zote zina ngoma. Sisi wasichana tulipiga makofi, wanaume walipiga ngoma. Hakuna aliyetuambia kwa nini."

Hapo ndipo mambo yanapotia utamu, msomaji. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya Rais Pierre Nkurunziza ikakataza wanawake kuzipiga. Upande wa pili, Rwanda, ambako nako ngoma ilikuwa mwiko kwa mwanamke, dada mmoja msanii, Odile Gakire Katese, alianzisha kundi la wanawake watupu mwaka 2004 mjini Butare, ambao leo ni Huye. Kundi linaitwa Ingoma Nshya, yaani ngoma mpya. Ndani yake walikaa pamoja walionusurika mauaji ya kimbari na wenzao ambao jamaa zao walikuwa upande wa wauaji. Walipiga ngoma moja.

Basi simama Ngara uangalie. Kushoto mwanamke haruhusiwi, kulia amezunguka nayo dunia, na huku kwetu Saida amewachezesha Wabongo wote. Zanzibar, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga msondo na kuvuta sigara jukwaani, tukamwita malkia. Wanaume wa Kongo wakivaa hereni na makoti ya manyoya tunawaita mapedejee. Sasa kijana wa Biharamulo akijifunga kanga kumwimbia bibi harusi, kwa nini tupige mluzi?

Nilishuka mpaka Rusumo. Maporomoko yananguruma chini ya daraja, na siku hizi maji yale yanafua umeme wa megawati 80 unaogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Nchi zilizoshindwa kukubaliana juu ya ngoma zimekubaliana juu ya umeme.

Wakati wa kurudi, basi lilisimama Biharamulo dakika kumi za kuchimba dawa. Nikakimbilia pale wanapooshea pikipiki. Hayupo. Mama lishe akaniambia kaitwa kwenye harusi Nyakanazi, kaondoka na ngoma yake mgongoni.

Nikamwachia mama elfu tano. "Mpe. Mwambie ni tunzo ya yule wa nyuma."

"Nani wa nyuma?"

"Yeye anajua," nikasema, konda keshaanza kupiga honi.