Nilipomkuta Mtu Shambani Mwangu

Mwaka 2019 nalirudi nyumbani baada ya kazi ya ukarani mjini, nikakuta katika shamba langu la eka tano nyumba ya mabati, migomba na mahindi ya mtu nisiyemjua. Huo ulikuwa mwaka wake wa tisa hapo. Hati ya shamba ilikuwa sandukuni mwangu, nami sikuwa nimelikanyaga muda wote huo.

Hasira ilinishika. Vijana wa jirani wakajitolea kuja alfajiri wabomoe. Lakini usiku ule nalikumbuka habari za babu yangu. Yeye alikuwa skwota katika shamba la mzungu karibu na Nakuru, chini ya sheria iliyoanza mwaka 1918, iliyotaka mtu kama yeye afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili apate kukaa na kulima. Siku moja aliambiwa aondoke, na nyumba yake ikachomwa moto, mahindi yakiwa bado mabichi. Je, mjukuu wake afanye vivyo hivyo?

Kulipopambazuka naliwazuia vijana, nikaenda kwa wakili. Akanifunza mambo mawili. La kwanza, sheria ya Kenya ya mwaka 2016 yataka mwenye shamba ampe mkaaji asiye na idhini taarifa ya maandishi, ya muda usiopungua miezi mitatu, na nakala zifike kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi. Mkaaji naye ana haki ya kwenda mahakamani. La pili lilinitia hofu: mtu akikaa waziwazi bila ruhusa miaka 12 mfululizo, aweza kuiomba mahakama imwandikishe yeye kuwa mwenyewe. Wala barua peke yake haikatizi hesabu ya miaka hiyo.

Nalimpelekea taarifa kwa mkono wangu. Akaisoma polepole, akauliza, "Mzee, na mahindi je?" Nikamjibu avune kwanza. Akavuna, akang'oa mabati yake, akaenda kabla ya miezi mitatu kwisha. Hatukuagana kwa furaha, lakini hapakumwagika damu.

Ndugu msomaji, ikiwa una shamba mbali, lizuru kila mwaka. Na akaaye humo kwa ruhusa yako, andikianeni. Mali bila daftari hupotea bila habari.