Ngala Aliandika Akiwa na Miaka 26. Sisi Je?

Juzi natoka Kisauni naenda mjini, tumevuka daraja la Nyali, makanga anaita, "Buxton, shuka Buxton!" Kando yangu kuna dogo na sare ya shule. Nikamuuliza tu kwa utani: Ronald Ngala ni nani? Akajibu haraka, "Si ni barabara?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mwaka jana ningejibu hivyo hivyo.

Aliyenifungua macho ni Hawe, nyanya yangu. Yeye ukitaja Ngala anakaa sawa kwenye kiti, anavuta leso. Anakwambia Krismasi ya 1972 kwao chakula kilipoa kwenye sahani. Ngala alikuwa amepata ajali ya gari barabara ya Nairobi–Mombasa siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, na tarehe 25 akafariki. Kulisemwa kuhusu nyuki walioingia ndani ya gari. Hawe mpaka leo ukimtajia nyuki anageuza uso.

Wengi tukimkumbuka tunakumbuka siasa. Rais wa KADU mwaka 1960, mtu wa majimbo, mtu aliyetaka Pwani iwe na sauti yake. Mwaka 1964 akavunja chama akaingia KANU, na kuna waliomlaumu. Sawa, hiyo bishaneni.

Mimi kilichonishika ni kitu kingine. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu, akawa hata mwalimu mkuu hapo Buxton, hapo hapo tunaposhukia. Na mwaka 1949 alitoa kitabu kwa Kiswahili, *Nchi na Desturi za Wagiriama*. Alizaliwa 1923. Piga hesabu. Miaka 26! Wakati wa mkoloni, kijana wa Kigiriama ameketi chini anaandika watu wake ni kina nani, badala ya kungoja mgeni aje amwambie.

Sasa wacha niseme ukweli wangu. Shuleni nilikuwa naficha. Nina jina la tsawe, babu yangu, maana kwetu mtoto anarithi jina ili ukoo usipotee. Mimi nilikuwa naandika la kwanza tu, hilo la pili nameza. Wenzangu walikuwa wakiiga lafudhi ya Kigiriama ili watu wacheke, na mimi nilikuwa nacheka kushinda wote. Hawe akinipigia simu niko na mabeshte, nakata. Leo akiongea haraka na dadake, naokota neno moja moja kama mgeni.

Na unajua kwa nini Hawe anaishi na sisi Kisauni? Si kwamba anapenda kelele za matatu. Huko Kilifi wazee wanauawa kwa sababu ya mvi. Mtu akizeeka anaitwa mchawi, na mara nyingi ukichimba chini unakuta ni shamba linatafutwa. Ganze kuna hadi kituo, Kaya Godoma, wazee wanakimbilia huko kuokoa maisha. Babangu hakungoja yafike mlangoni. Alimfuata Hawe na sanduku moja, akamleta.

Ndiyo maana nakasirika tukipost picha za hando na shanga siku ya utamaduni, tunaandika "najivunia", halafu mwenye utamaduni wenyewe anaogopa kulala kwake. Huwezi kupenda mila ukamchukia mzee. Yeye ndiye kitabu. Na wanaotumwa na mapanga si wageni, wengine ni vijana wa rika letu.

Ngala tumempa barabara na majina ya shule, na anastahili. Lakini nadhani angefurahi zaidi tukifanya alichofanya yeye.

Kwa hivyo Jumapili nilikaa na Hawe, nikawasha simu kurekodi. Nikamuuliza jina langu lilitoka wapi. Aliongea dakika arobaini. Nusu sikuelewa, itabidi baba anitafsirie. Mwisho akaniuliza, "Hii unapeleka wapi?"

Nikamwambia, "Naiweka, Hawe."

Nawe kama una nyanya au babu, Likoni, Changamwe, popote, simu unayo. Muulize wiki hii. Na jina lako liandike lote.