Juu ya Farasi katika Milima ya Alpujarra

Kusini ya Hispania, chini ya Mlima Mulhacén, kiko kijiji kiitwacho Bubión. Asubuhi moja tulitoka hapo watu saba, kila mmoja juu ya farasi wake, tukafuata njia nyembamba kando ya mfereji wa maji. Wenyeji huuita acequia, neno litokalo katika Kiarabu, saqiya. Mingi ya mifereji hiyo ilichimbwa na Waislamu. Granada ilipotekwa mwaka 1492 walibaki milimani humu. Baada ya vita vya 1568 hata 1571 wakahamishwa. Wao wamekwenda, maji yangali yakitiririka.

Tulipokwisha kusali Adhuhuri njaa ilitushika, nami nikaharakia kutandaza kitambaa cha chakula. Mwenye farasi, asiye wa dini yetu, akanizuia kwa upole: “Wanyama kwanza.” Nikaona haya, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kumcha Mungu katika wanyama wasiosema. Tukawavua matandiko, tukawanywesha mferejini, ndipo tukala pamoja mkate, zeituni na tini.

Enyi vijana, waliochimba mfereji ule wameacha sadaka yenye kuendelea. Sisi tutaacha nini?